Roketi au gemu? Nani aliyelipia simu iliyo mkononi mwa mvuvi wa Msambweni

MVUVI wa Msambweni anayerejesha mashua yake ufukoni alfajiri huwa na kifaa kimoja ambacho babu yake hakukijua: simu ya mkononi. Ndani ya simu hiyo mna ramani inayomwonyesha alipo, kamera ya kumwonyesha mteja wa Ukunda ukubwa wa samaki aliyevuliwa, na chipu zenye nguvu nyingi kuliko kompyuta zilizowaongoza Wamarekani hadi mwezini mwaka 1969.

Je, ni nani aliyegharamia uvumbuzi wa vitu hivyo? Kwa miaka mingi jibu lililozoeleka ni kwamba teknolojia ya kisasa ni tunda la safari za anga za juu. Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kwamba aliyelipa zaidi si mwanaanga wala mlipa kodi wa Marekani, bali ni kijana anayecheza michezo ya video, au gemu kama inavyoitwa mitaani.

Mjadala huu waweza kudhaniwa kuwa wa kupitishia wakati barazani. Sivyo. Kenya ina shirika lake la anga lililoundwa mwaka 2017, na kila bajeti inaposomwa hulazimika kueleza kwa nini nchi yenye zahanati zisizo na dawa itumie fedha angani. Upande wa pili, wazazi wengi wa Ukunda na Diani huona kibanda cha PlayStation kuwa mahali pa kupotezea sarafu na muda wa masomo. Nayo Kaunti ya Kwale imo katika mjadala huu kwa njia mbili: mikoko yake hutazamwa na setilaiti, na ardhi yake ina madini yanayotafutwa na viwanda vya pande zote.

Wakazi wa Pwani wana kila sababu ya kuulizwa kuhusu roketi, kwa kuwa zilirushwa mbele ya macho yao. Kaskazini mwa Mombasa, katika Ghuba ya Ungwana karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita. Kati ya Aprili 1967 na Machi 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi na kuipunguzia mzigo wa mafuta.

Mashuhuri zaidi kati ya hizo ni ile iliyopaa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengewa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, na data zake zilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba katika kundi la nyota la Cygnus kuna shimo jeusi. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nobel mwaka 2002.

Jina la Kiswahili, hata hivyo, halikuleta kiwanda. Roketi zilitengenezwa Marekani, majukwaa yakaendeshwa na Waitaliano, na matokeo yakachambuliwa ng'ambo. Mahali roketi inaporukia si lazima pawe mahali maarifa yanapobaki, jambo ambalo watetezi wa safari za anga hulisahau wanapohesabu faida zake.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni chipu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chipu ilikuwa bidhaa ghali, ngeni na isiyoaminika. Inakadiriwa kwamba mwaka 1963 mpango wa Apollo wa kwenda mwezini ulinunua takriban asilimia 60 ya chipu zote zilizotengenezwa Marekani. Mnunuzi mwingine mkubwa alikuwa jeshi, lililozihitaji kwa makombora yake ya nyuklia ya Minuteman. Mwaka 1962 bei ya wastani ya chipu moja ilikuwa kama dola 50; kufikia 1968 ilikuwa imeshuka chini ya dola tatu.

Hakuna mfanyabiashara wa kawaida ambaye angenunua kwa bei ile ya mwanzo. Serikali ilinunua kwa sababu ilitaka kuwatangulia Wasovieti, na mwenye haraka ya namna hiyo habishani na muuzaji. Viwanda vikapata mteja wa uhakika, vikajifunza kazi, vikapunguza kasoro, na bei ikashuka hadi watu wa kawaida wakaweza kuingia sokoni.

Lakini mfereji huo wa fedha haukudumu. Mwaka 1966 shirika la NASA lilikuwa likipewa karibu asilimia 4.4 ya matumizi yote ya serikali ya Marekani. Leo halipati hata nusu ya asilimia moja.

Kamera ya simu ni mfano ulio safi zaidi wa deni ambalo mvuvi anadaiwa na wanaanga. Katika miaka ya 1990, mhandisi Eric Fossum wa maabara ya NASA iitwayo JPL, huko California, alitafuta njia ya kutengeneza kamera ndogo, nyepesi na isiyokula umeme mwingi kwa ajili ya vyombo vya anga. Chipu ya kunasa picha aliyoibuni ndiyo iliyozaa kamera zilizomo katika simu karibu zote za leo.

Hata hivyo, si kila sifa inayovikwa roketi ni yake. Teflon, ile rangi nyeusi inayozuia chakula kugandamana na sufuria, iligunduliwa mwaka 1938. Kishikizo cha Velcro, kile cha kubandua na kubandika kwenye viatu vya watoto, kilibuniwa na Mswisi George de Mestral kabla NASA haijaundwa mwaka 1958. Wanaanga walivitumia tu, navyo vikapata umaarufu. Ukiondoa sifa za kuazima kama hizi, orodha hupungua sana, ingawa haiishi.

Na ramani ya simu? Mfumo wa GPS unaomwonyesha mvuvi njia ya kurudi Gazi au Shimoni usiku hutegemea setilaiti, lakini haukutokana na uchunguzi wa anga. Ulijengwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa ajili ya vita, na hadi Mei 2000 raia walikuwa wakipewa vipimo vilivyovurugwa kwa makusudi ili wasipate usahihi sawa na wa wanajeshi. Katika mjadala wa roketi na gemu, jeshi ndilo mlipaji wa tatu ambaye pande zote mbili hupendelea kutomtaja.

Mgala muue na haki yake umpe. Michezo ya video nayo ina hesabu yake, na si ndogo.

Mwaka 1969, mwaka uleule wa kutua mwezini, Ken Thompson wa maabara ya Bell nchini Marekani aliandika mchezo wa kompyuta uitwao Space Travel, ambao mchezaji aliendesha chombo kati ya sayari. Kuuchezea kwenye kompyuta kubwa ya kampuni kulikuwa na gharama, hivyo akauhamishia kwenye mashine ndogo ya zamani iliyokuwa haitumiki sana. Kazi ya kuiandalia mashine hiyo programu za kuiendesha ilikuwa sehemu ya chanzo cha mfumo wa Unix. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland alianza kuandika Linux kwa kufuata mfano wa Unix, na Linux ndiyo kiini cha Android, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya simu zinazouzwa Ukunda. Kwa hiyo ukifuatilia nasaba ya simu ya mvuvi, utakuta mchezo, na mchezo wenyewe ulihusu safari za anga.

Hilo lilikuwa jambo la bahati. Lililofuata lilikuwa biashara hasa.

Mchezo wa video wenye picha zinazofanana na maisha halisi hudai hesabu nyingi mno. Kila nukta ya kioo lazima ikokotolewe rangi yake upya mara kadhaa kwa kila sekunde: mwanga umetoka wapi, kivuli kimeangukia nani, mpira umezunguka vipi. Chipu ya kawaida ya kompyuta hufanya kazi moja baada ya nyingine, kwa haraka. Kadi ya michoro hutumia njia nyingine: huwa na vitengo vingi vidogo vinavyokokotoa kwa wakati mmoja, mithili ya wavuvi wengi wanaovuta jarife pamoja badala ya bingwa mmoja mwenye mshipi.

Kampuni ya Nvidia, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilijengwa juu ya wazo hilo, na nusura ife ikiwa changa. Ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza chipu ya mashine ya michezo ya Sega ya Japani, ikagundua kwamba imechagua njia ya kiufundi isiyofaa. Jensen Huang, mkuu wake, amesimulia hadharani jinsi alivyokwenda kukiri kosa hilo na bado kuomba fedha. Sega ikatia dola milioni tano, kampuni ikapona. Kwa maneno mengine, mojawapo ya kampuni zenye thamani kubwa kabisa duniani leo iliokolewa na watengenezaji wa michezo.

Kwa miaka mingi baadaye vijana wa Tokyo, London na Chicago waliendelea kununua kadi mpya kila baada ya mwaka au miwili, kwa sababu tu mchezo mpya haukuchezeka vizuri kwenye kadi ya zamani. Wanasayansi wakatambua kwamba kadi hizo zinafaa kwa hesabu nyingine pia. Mwaka 2010 jeshi la anga la Marekani lilitengeneza kompyuta kubwa kwa kuunganisha mashine 1,760 za PlayStation 3, kwa kuwa zilipatikana kwa bei nafuu madukani. Mwaka 2012, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walitumia kadi mbili za michezo kuifundisha kompyuta kutambua picha, kazi iliyochukua siku tano hadi sita. Waliwaacha mbali washindani wao, na wimbi la akili mnemba linaloonekana leo lilipata msukumo wake hapo. Mwaka 2025 Nvidia ikawa kampuni ya kwanza duniani kufikia thamani ya dola trilioni nne.

Ukitazama fedha peke yake, gemu zimeshinda. Mapato yake duniani hupita dola bilioni 180 kwa mwaka, ilhali bajeti ya NASA ni takriban dola bilioni 25. Hata ukijumlisha fedha ambazo serikali zote duniani hutumia angani, kwa raia na kwa jeshi, ambazo zimepita dola bilioni 100, bado hazifikii.

Mapato, hata hivyo, si utafiti. Sehemu kubwa ya fedha za gemu huishia kwenye matangazo, leseni za majina ya wachezaji wa soka, na mavazi ya kuchora ambayo mchezaji humvika shujaa wake kioo kikiwa mbele yake. Mchango wa gemu katika teknolojia haukutokana na ukubwa wa mfuko. Ulitokana na mteja asiyechoka kudai chipu yenye kasi zaidi na aliye tayari kuilipia mwenyewe, bila kusubiri Bunge limpitishie.

Hapo ndipo pande hizi mbili zinapoachana. Mchezaji hulipia kitu ambacho tayari kipo, akitaka kilicho bora na cha bei nafuu zaidi. Serikali hulipia kitu ambacho hakina mteja. Chipu ilimhitaji wa pili ili izaliwe, na wa kwanza ili ikue.

Hakuna mahali Kwale ambapo tofauti hiyo inaonekana vizuri kuliko Gazi, kilomita chache kaskazini mwa Msambweni. Mikoko ya ghuba hiyo ilifyekwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), yenye kituo chake hapo kijijini, ikaanza majaribio ya kuirudisha mapema miaka ya 1990. Tangu mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja unaolinda hekta 117 za msitu. Miti hiyo na tope lililo chini yake huhifadhi kaboni, na mradi huuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka kwa wanunuzi wa ng'ambo. Fedha hutumiwa kwa maji, shule na upanzi. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, zikaiga mfano huo katika zaidi ya hekta 460.

Mnunuzi aliye Ulaya hawezi kuja kuhesabu miti. Anahitaji uthibitisho kwamba msitu bado upo, na picha za kutoka angani ni sehemu ya uthibitisho huo. Setilaiti za Marekani za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972, hivyo mtu anaweza kulinganisha Gazi ya ufyekaji na Gazi ya leo. Zile za Japani zenye rada huona hata wakati wa masika, mawingu yanapoifunika Pwani, na data zake ndizo msingi wa ramani ya mikoko ya dunia nzima. Wingi wa picha hizo umepita uwezo wa macho ya binadamu. Siku hizi huchambuliwa na programu za akili mnemba zinazoendeshwa kwa chipu zilizotokana na kadi za michezo.

Kwa hiyo roketi hupiga picha na gemu huisoma. Lakini ni moja tu kati ya hizo mbili ambayo soko lingeileta lenyewe. Hapakuwa na kijana yeyote duniani mwaka 1972 ambaye angetoa sarafu yake ili mikoko ya Gazi ipigwe picha.

Na hata picha ilipokuwapo, bei yake iliamua nani aione. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600, na mwaka 2001, uliokuwa mzuri kwa mauzo, zilinunuliwa takriban 25,000 tu duniani kote. Marekani ilipoamua mwaka 2008 kuzitoa bila malipo, matumizi yalifumuka hadi maelfu kwa siku. Hakuna chombo kipya kilichorushwa ili jambo hilo litokee. Kilichobadilika ni uamuzi kuhusu nani alipe.

Uamuzi wa namna hiyo unaweza pia kugeuzwa. Kituo cha kikanda cha ramani cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, tangu mwaka 2008 kilikuwa mwenyeji wa mpango wa SERVIR, ambao uligeuza data za setilaiti kuwa taarifa za ukame, mafuriko na misitu kwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Walioufadhili walikuwa NASA na shirika la misaada la USAID. USAID ilifungwa Julai 2025, na mpango huo ukapoteza mmoja wa mihimili yake miwili kwa uamuzi uliofanywa Washington.

Kenya imejaribu kuanza kujitegemea. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga kwa msaada wa Japani. Aprili 15, 2023, Taifa-1, iliyotengenezwa na wahandisi wa Kenya kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria kwa gharama ya Sh50 milioni, ilirushwa kutoka California kwa roketi ya SpaceX. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa kiwango cha sekta hiyo, na kinachofundishwa nacho ni wahandisi zaidi kuliko picha. Wanaopinga husema fedha hizo zingejenga madarasa. Ni hoja ya haki, ila picha za bure zinategemea ukarimu wa serikali za wengine, na ukarimu huo una mwisho kama ulivyoonekana mwaka 2025.

Kuna pia hesabu ambayo Kwale hutoa bila kuhesabiwa. Mlima Mrima, ulio Lunga Lunga na wenye msitu mtakatifu wa Wadigo, una niobiamu pamoja na madini adimu. Niobiamu huchanganywa na metali nyingine kutengeneza midomo ya injini za roketi, ikiwemo injini kuu ya chombo cha Apollo. Madini adimu huingia katika sumaku ndogo zenye nguvu zilizomo ndani ya spika na diski za kompyuta. Roketi na gemu, kwa hiyo, zina malighafi katika mlima mmoja. Leseni ya kuuchimba ilifutwa mwaka 2013, na kampuni iliyoishtaki Kenya katika mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikashindwa mwaka 2018.

Madini yaliyochimbwa kwa kweli ni ya mchanga mzito wa Maumba na Nguluku, ambako Base Titanium ilifanya kazi kuanzia 2013 hadi Desemba 2024 na kusafirisha shehena zake kupitia Likoni. Wengi wakisikia titani hufikiria ndege na roketi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya madini ya titani duniani husagwa kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta.

Kuhusu samaki, matarajio yapimwe kwa pishi. Setilaiti hupima joto la maji na rangi ya bahari, na kwa vipimo hivyo wataalamu hukisia walipo samaki wa kundi kama jodari. Taarifa hiyo humfaa mwenye meli inayoweza kwenda mbali. Mwenye ngalawa ambaye wakati wa kusi havuki mwamba hana la kuifanyia, hata akiipata bure kwenye simu yake, mpaka awe na chombo na injini ya kumfikisha huko. Kinachomfaa sana kutoka angani kwa sasa ni utabiri wa upepo na mawimbi.

Huko Gazi, licha ya setilaiti na chipu zote hizo, kazi moja haijabadilika. Maji yakipwa, wapimaji huingia matopeni na utepe, wakapima unene wa shina katika kimo cha mita 1.3 na kuuandika. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumiwa kusahihisha kile ambacho kompyuta imekisia kutoka kwenye picha.